Siku Mama Mkubwa Alipomeza

Devota alinipigia simu nikiwa sokoni Uyole nachambua viazi vya mbegu, mikono imejaa udongo. Jina lake lilikuwa halijatokea kwenye simu yangu tangu Pasaka, kwa hiyo nilijua kabla sijapokea kwamba hizi si salamu. "Tumpe, mama ameondoka," akasema. Nikamuuliza ameondoka kwenda wapi, maana akili yangu ikishtuka huwa inajifanya mjinga. "Amefariki, dada. Leo asubuhi, usingizini. Ni uzee tu." Nikakaa juu ya gunia. Uzee tu! Mama Kikoti wa Iringa, ambaye mwaka ule mimi na Devota tulipokuwa wasichana alikuwa hawezi kumeza hata mate yake, amekufa kwa uzee, kitandani mwake, wajukuu wamejaa nyumba nzima. Nililia, sikatai. Lakini katikati ya kulia nikasikia kitu kingine kikali kifuani, na sitakipamba: ulikuwa wivu. Mama Mkubwa wangu, Atuganile, alilala chumba kimoja na Mama Kikoti, kwa ugonjwa uleule, chini ya mashine ileile ya mionzi, wiki zilezile. Mwenzake akarudi akaishi hadi kichwa kikajaa mvi. Wetu tulimzika mvua za kwanza zilipoanza. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini, na nilipokuwa nafuta uso kwa khanga pale sokoni nikaamua kwamba nitakwenda kuzika Iringa, na sitarudi bila kumuuliza Devota.

Sikuwa nauliza kwa ajili yangu peke yangu. Nyumbani kwangu anaishi Baba Mkubwa Ambakisye, mume wa Mama Mkubwa, mzee wa fimbo sasa, macho yamefifia ila masikio, weh, ukimsengenya chumba cha tatu anakujibu. Ni mtu wa kanisa, Jumapili hakosi. Lakini kuna jambo moja hafanyi, na watu wameshamzoea hivyo: hatoi shukrani. Kwetu mtu akipona, akijifungua salama, akivuna vizuri, hupita mbele siku ya Jumapili, ndugu zake nyuma yake wanaimba, mkungu wa ndizi begani, kuku mkononi. Anaeleza alichotendewa, halafu watu wanakwenda kula nyumbani kwake. Baba Mkubwa hajapita mbele tangu mwaka ule. Kuna siku lori la Tunduma lilimkosakosa barabarani, likaburuta baiskeli likamwacha yeye amesimama wima, na mchungaji wa wakati huo akamfuata hadi nyumbani kumwambia mzee wangu, hili ni la kushukuru. "Mimi nilishashukuru mara moja," akamjibu, akaingia ndani. Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa, jibu lilikuwa hilohilo. Nilipofunga ndoa akakaa benchi la nyuma. Miezi hii ameanza kuchoka, chakula anakigusagusa tu, na nilichokuwa naogopa ni kwamba atakufa na jibu lile mdomoni, akiamini kuwa ni yeye aliyemuua mkewe kwa maneno.

Mwaka ule nilikuwa naishi kwao, nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kunyamaziwa. Ndiyo maana nikachaguliwa mimi: ndani ya nyumba, asiye na shule wala mume ndiye mwenye nafasi ya kuuguza. Ugonjwa ulianzia kwenye ugali. Mama Mkubwa alikuwa anakula jikoni, amekaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga, moshi umeyafanya makenchi ya juu kuwa meusi ti, na ghafla akanyamaza na tonge, akajipiga kifuani, akashushia maji. "Limekwama," akasema, akacheka, na sisi tukacheka. Baada ya ugali ukaanza kukwama wali, tena wali wa mchele wa Ubaruku ulioiva ukalainika. Kisha uji mzito. Mwishowe nikawa namchujia uji kwa kitambaa kama wa mtoto, na yeye anakunywa kwa kijiko ameangalia ukutani ili asituone tunavyomwangalia. Hospitali wakamwingiza mpira wenye taa kooni, wakanyofoa kinyama wakakipima, na daktari akatuambia ni saratani ya njia ya chakula, imekaa ndani ya kifua mahali ambapo kupasua haiwezekani. Kilichobaki ni mionzi. Siku zile kwetu huku mionzi haikuwepo, ilikuwa ni kwenda Dar es Salaam. Baba Mkubwa akabaki kuangalia shamba, nikapanda basi na Mama Mkubwa, yeye amekumbatia chupa ya chai ya moto, maana alikuwa mtu wa chai ya kuunguza ulimi, hata Dar na joto lake hakuiacha.

Chumba chetu kwenye hosteli ya wagonjwa kilikuwa na vitanda vinne na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita. Kitanda cha dirishani ndicho alichokuwa amekishika Mama Kikoti, na tulipoingia alikuwa anamgombeza binti yake Devota kwa sababu ya uji uliopoa. "Kamwene!" akatusalimia kwa Kihehe, sauti inakwaruza. "Karibuni kwenye nyumba ya wasiokula." Mama Mkubwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Uyole. Wakawa mashoga, Mnyakyusa mlokole na Mhehe Mkatoliki mwenye mdomo mchafu. Mama Mkubwa alikuwa anasali kabla ya kuingia kwenye mashine, na Mama Kikoti alikuwa anaitukana ile mashine kwa Kihehe, Devota anaona aibu mpaka anatoka nje. Asubuhi sisi wasichana tulipanga foleni kwenye jiko la pamoja, tunapika uji na mchuzi wa kuchuja, jioni tunawapaka mafuta mgongoni na kifuani pale ngozi ilipokuwa inaungua na kuwa nyeusi. Madaktari walizungumza juu ya vitanda kana kwamba hatupo, na hivyo ndivyo nilivyosikia kwamba uvimbe wa Mama Kikoti ulikuwa mrefu kuliko wa Mama Mkubwa. Nakumbuka nilifurahi. Nilisema moyoni, kama ni mmoja atapona, ni wetu.

Na kweli, kwanza alipona. Koo liliuma sana wiki za mwisho, lakini tuliporudi Uyole, taratibu, uji ukapita, kisha viazi vya kuponda, kisha wali. Majira ya baridi yalipokuwa yamekolea, asubuhi ukungu umefunika hata choo cha nje, Mama Mkubwa alikuwa ameota mashavu. Baba Mkubwa hakuweza kujizuia. Alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba Jumapili ni shukrani. Mama Mkubwa akamwambia, "Tungoje kidogo, baba, daktari alisema turudi tukaangaliwe." Akajibu, "Tumngoje nani? Mungu ameshamaliza." Jumapili akapita mbele na mkungu mkubwa kuliko yeye, akasema kwa sauti ya kujaza kanisa kwamba saratani imeshindwa, imekimbia, hairudi tena. Nyumbani akamketisha mkewe kwenye kiti cha sebuleni chenye kitambaa cheupe, wageni wamejaa hadi mlangoni, akampa sahani ya mbalaga, ndizi za kupikwa na nyama, akasema, "Kula, waone." Mama Mkubwa akala mbele ya watu wote. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuacha kula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wa Kihindi wenye duka la vifaa vya ujenzi walitoka kuangalia kuna harusi ya nani.

Haikupita muda. Kabla watu hawajaanza kutayarisha mashamba, nikamwona tena jikoni kwenye kile kigoda, amenyamaza na tonge mdomoni. Safari hii hakucheka. Turudi Dar? Madaktari wakasema mahali pale pameshapigwa mionzi ya kutosha, wakirudia wataunguza kilicho kizima, tumpeleke nyumbani tumtunze. Sebule ile ya vigelegele ikawa chumba cha mgonjwa. Wanawake wa kanisani walikuja kumwona, na wakitoka kwake wanapita jikoni kunisaidia kuosha vyombo, na hapo ndipo maneno yalipoanza. "Alishukuru mapema mno," mmoja akasema. "Si yeye, ni mumewe," akajibu mwingine. "Eti hairudi tena! Utamsemeaje Mungu? Amelichokoza lile gonjwa, limegeuka kumwonyesha." Niligeuka na bakuli mkononi, na mlangoni nikamwona Baba Mkubwa amesimama, ameshika kuni alizokuwa anatuletea. Aliweka kuni chini moja moja, taratibu, akaondoka. Niliwafokea wale wanawake, nikawaita majina ambayo mtoto wa watu hatakiwi kuyatamka, lakini yalikuwa yameshasikika. Mama Mkubwa alifariki mvua zilipoanza, watu wanapanda viazi. Makaburini Baba Mkubwa alisimama upande wa peke yake, na mchungaji aliposema "tunashukuru kwa maisha ya dada yetu," akatazama chini.

Basi, Iringa. Tulimzika Mama Kikoti vizuri, kwa misa na nyimbo, upepo wa kilimani unapeperusha khanga zetu. Kesho yake nilikaa na Devota jikoni kwa mama yake tunamenya viazi vya wageni waliobaki. Devota sasa ni daktari, tena wa mionzi hiyohiyo, ana miwani na mvi za pembeni, ila anamenya kiazi vibaya kama zamani, nusu anatupa na ganda. Nikamwambia, "Devota, nikuulize kitu na usinipe jibu la kumtuliza mfiwa. Mama yako na Mama Mkubwa. Kwa nini?" Hakujifanya kutoelewa. "Unafikiri nilisomea kitu hiki kwa sababu gani?" akasema. "Mimi nilikuwa najiuliza kwa upande wa pili. Kwa nini wangu amebaki?"

Akanieleza polepole, kisu mkononi. Akasema uvimbe wa saratani tunauona kama kitu kimoja lakini ni umati wa seli, na hazifanani. Mionzi ili iharibu sawasawa inahitaji oksijeni iwepo palepale inapopiga. Seli zilizo karibu na mishipa ya damu zinapata hewa, hizo zinakufa vizuri. Zile zilizojibana katikati, damu haizifikii, mionzi inaziumiza lakini haizimalizi. Nyingine zina ufundi wa kujitibu: mionzi inakata uzi ule wa ndani unaobeba maagizo ya seli, nazo zinauunga kabla ya dozi ya kesho. Nyingine zinalala tu, hazizaliani, na mionzi hukamata zaidi zile zinazozaliana, halafu mambo yakitulia zinaamka. "Wewe ni mkulima," akaniambia. "Ukichoma shamba, kisiki kibichi je?" Nikasema, "Kinabaki. Mvua ikija kinachipua." "Na ulikuwa umechoma vibaya?" "Hapana. Nilichoma vizuri tu." "Ndiyo hivyo," akasema. "Wa mama ulikuwa mrefu, lakini inaelekea ulikuwa mkavu. Wa Mama Mkubwa ulikuwa mfupi wenye visiki." Nikamuuliza kama siku hizi wanaweza kujua mapema. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga. "Tunachanganya mionzi na dripu za dawa, inasaidia wengi. Wenzetu wanatafuta alama za kuonyesha uvimbe upi utakuwa mkaidi. Lakini mgonjwa akikaa mbele yangu leo, Tumpe, siwezi kuapa. Bado kuna ninaowapoteza, na bado kuna wanaonishangaza."

"Chai ya moto?" nikauliza. "Chai ya kuunguza inaweza kuchangia mtu kuupata ugonjwa, na ndiyo maana nawakataza watu. Lakini haikuifundisha saratani kukataa mionzi. Na mama alikuwa anakunywa ya kuchemka kuliko yenu." Ndipo nikamtolea la mwisho, la shukrani, la Baba Mkubwa na kuni zake mlangoni. Devota aliweka kisu chini. "Mnamwacha mzee na jambo hilo miaka yote? Sikia. Tuliposhuka kwenye basi hapa Iringa kutoka Dar, mama hakwenda nyumbani. Alikwenda parokiani moja kwa moja, na mabegi, akaomba misa ya shukrani. Alikuwa bado anatema mate kwenye kopo! Nikamwambia mama, ngoja basi tujue kama umepona. Unajua alivyonijibu? 'Mimi nashukuru nimeshuka kwenye basi.' Kama kushukuru mapema kunaua, mama yangu angetangulia yeye." Tukacheka, tukalia, viazi vikabaki kwenye beseni mpaka shangazi yake akaja kutufokea.

Nilifika Uyole mchana wa siku ya pili. Baba Mkubwa alikuwa sebuleni, blanketi magotini, redio inaongea peke yake. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu. Mmemlaza salama?" Nikasema tumemlaza. Nikazima redio, nikavuta kigoda, nikamweleza kila kitu kama nilivyoelezwa: umati, hewa, visiki, misa ya kopo la mate. Alisikiliza ameegemeza kidevu kwenye fimbo. Nilipomaliza akasema, "Wewe na Devota wako," na nikadhani ndiyo basi, ameyakataa. Halafu akauliza, "Kwa hiyo si kinywa changu?" Nikasema, "Si kinywa chako, Baba. Ugonjwa haukukusikia." Akatikisa kichwa taratibu. "Hilo la kinywa nilianza kuliacha zamani. Mungu hawezi kuwa na hasira ndogo namna ile. Kuna lingine." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Ile sahani. Nilimwona anakula machozi yanamtoka. Nikajua kooni hakupiti, nimemlazimisha mbele za watu, anajiumiza ili mimi nisiaibike. Mke wangu alimeza miiba kwa ajili ya sifa zangu. Hilo ndilo ninaloliona kila nikisikia neno shukrani."

Miaka yote tulidhani tunajua kinachomuuma, kumbe tulikuwa tunapuliza kidonda cha upande mwingine. "Baba," nikasema, "wewe hukuwa jikoni." Akaniangalia na macho yale yaliyofifia, nikaendelea. "Wageni walipoondoka, wewe ulikuwa nje unawasindikiza. Mimi naosha vyombo. Mama Mkubwa akaingia, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda chake, akavuta ile sufuria ya mbalaga akaanza kula kwa mkono. Hakuna aliyemwambia. Alikwangua mpaka ukoko. Nikamwambia Mama utavimbiwa, akanijibu mdomo umejaa, 'Niache, mwanangu, wewe hujui utamu wa kitu kupita.' Machozi yalikuwa yanamtoka vilevile, na alikuwa anacheka. Yale ya sebuleni na ya jikoni yalikuwa machozi ya aina moja. Mionzi ilikuwa imefungua njia, Baba. Visiki vilikuwa bado havijachipua. Siku ile chakula kilipita kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Na mimi sikujua kama ndilo."

Akaniomba nimrudie ile sehemu ya ukoko. Nikamrudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikasogea kumshika, kumbe anacheka, anacheka na kulia, anasema, "Atuganile! Mchoyo yule! Akafunga na mlango!" Nilicheka naye mpaka mbavu zikaniuma. Jioni ile alimaliza sahani yake.

Jumapili iliyofuata alikataa nimshike mkono. Alipita mbele na fimbo mkono mmoja na kichana kimoja cha ndizi mkono mwingine, maana mkungu hauwezi tena, na wazee waliomfahamu wakatazamana. Akaanza kwa asante ya Kinyakyusa, "Ndaga. Nashukuru kwa sahani ya ndizi aliyokula mke wangu Atuganile. Aliimaliza." Mchungaji wetu, kijana ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa, aliniangalia mimi, anauliza kwa macho kama mzee amechanganyikiwa. Nikamwashiria amwache. Bibi mmoja upande wa wanawake akapiga kigelegele, wa pili akapokea, kikaenea. Baba Mkubwa akasimama palepale akingoja vinyamaze, na vilipotulia akageuza uso upande wa nyuma, kule alikokaa miaka yote, akapaza sauti ili na wa kule wasikie: "Na jikoni akaongeza."